Palmer Beasley, homa ya ini B na saratani ya ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeandika ukurasa huu kwa ajili ya watu wanaonijia na karatasi ya maabara mkononi, imeandikwa HBsAg chanya, yaani damu yao imekutwa na virusi vya homa ya ini B, na hawajui herufi hizo zinataka nini kwao. Wengi wanakuwa wameshaambiwa mambo matatu yanayopingana kabla hawajafika kwangu: kwamba watakufa mwaka huu, kwamba si kitu, kwamba wamelogwa. Kila nikitafuta pa kuanzia kuwaeleza, najikuta nimerudi kwenye kazi za mtu mmoja, Dakta Palmer Beasley, na machapisho aliyoyatoa kutoka kisiwa cha Taiwan tangu katikati ya miaka ya 1970. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Ya vipimo na dawa uyamalize na daktari wako. Lakini ushahidi wenyewe unatoka wapi, hilo tunaweza kulizungumza hapa kwa nafasi.

Palmer Beasley alikuwa nani?

Daktari na mtafiti wa Kimarekani, aliyezaliwa California mwaka 1936. Alisoma falsafa kwanza katika chuo cha Dartmouth, kisha udaktari Harvard. Taiwan alikwenda akiwa na Chuo Kikuu cha Washington, na kuanzia 1972 alijikita hasa katika homa ya ini. Mke wake, Lu-Yu Hwang, daktari mzaliwa wa Taiwan, alikuwa mtafiti mwenzake, na jina lake linafuata mara baada ya la mumewe katika yale machapisho makubwa. Nasisitiza hilo kwa kuwa wasimulizi wengi humtaja mume tu.

Mwaka 1985 alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal ya Saudi Arabia pamoja na Mwitalia Mario Rizzetto, aliyegundua virusi vya homa ya ini D. Tangu 1987 aliongoza skuli ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Houston kwa miaka mingi. Alifariki Agosti 2012, kwa saratani ya kongosho.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyegundua virusi vya homa ya ini B?

Hapana. Aliyetangulia ni Baruch Blumberg, Mmarekani mwingine, ambaye katika miaka ya 1960 alikuta protini ngeni ndani ya damu ya Mwaustralia mmoja wa wenyeji wa asili. Chapisho lake lilitoka 1965, na protini ile ikaitwa antijeni ya Australia. Ndiyo hiyohiyo ambayo leo maabara huiandika HBsAg: ganda la nje la virusi. Mwaka 1970 David Dane na wenzake wa London waliona kirusi kizima kwa hadubini ya elektroni. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Beasley aliuliza swali la hatua inayofuata. Virusi vimeonekana, sawa. Vinamfanyia nini mtu anayekaa navyo miaka ishirini, thelathini, huku hajisikii ugonjwa wowote?

Kabla ya utafiti wake madaktari waliamini saratani ya ini inatokana na nini?

Na vitu vingi, na kila mmoja alivuta upande wake. Ilijulikana kwamba saratani hii ilikuwa nadra Ulaya lakini ya kawaida mno Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya mashariki. Wengine walisema ni lishe duni. Wengine pombe. Wengine ukungu wa nafaka, na hawa walikuwa na ushahidi kutoka kwetu: mwaka 1971 watafiti, akiwemo mwanapatholojia Michael Hutt wa Makerere, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba sehemu za Uganda ambazo chakula chake kilikuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, zaidi ndizo zilizokuwa na saratani ya ini zaidi. Muda si mrefu baadaye utafiti wa namna hiyo ulifanyika pia Murang'a, Kenya.

Virusi navyo vilishukiwa, maana wagonjwa wa saratani ya ini walikutwa na antijeni ile mara nyingi kuliko watu wengine. Huko Senegal, mwaka 1976, kundi la Bernard Larouzé na Blumberg lilikwenda mbele zaidi: likapima familia za wagonjwa na kukuta kwamba mama zao nao walikuwa na virusi mara nyingi kupita mama wa watu wasio na saratani. Hiyo ilikuwa dalili nzito. Lakini mpinzani bado alikuwa na pa kusimama. Ukimpima mtu ambaye ameshaugua, huwezi kujua kilichotangulia. Pengine saratani ndiyo iliyoudhoofisha mwili hadi virusi vikapata nafasi.

Njia ya kumaliza ubishi huo ni moja, na ni ya gharama na ya uvumilivu. Uwachukue watu wazima wa afya, uwapime damu leo, uandike nani anavyo na nani hana, kisha ungoje.

Utafiti wa 1981 ulifanywaje?

Beasley, Hwang na wenzao wawili waliwaandikisha wanaume 22,707 wa Taiwan kati ya 1975 na 1978. Walikuwa watumishi wa serikali, na hapo ndipo ulipo ufundi wa kazi yote. Mtumishi wa serikali wa Taiwan alikuwa na bima ya afya na ya maisha. Akiugua, kuna faili. Akifa, familia inakwenda kudai malipo ya bima, na kifo chake hakiwezi kupotea. Yeyote aliyewahi kujaribu kufuatilia wagonjwa katika nchi zetu anajua kwamba kazi hufia papo hapo: mtu amehama, simu haipatikani, amezikwa kijijini bila cheti. Beasley hakuwa na mashine ya ajabu. Alikuwa na mfumo wa bima unaojua nani yuko hai.

Walichagua wanaume kwa kuwa saratani ya ini huwapata wao zaidi ya wanawake, hivyo jibu lingeonekana mapema.

Kati yao, 3,454 walikutwa na virusi. Waliobaki, 19,253, hawakuwa navyo. Wote walikuwa wakienda kazini kila asubuhi kama kawaida. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1981, baada ya ufuatiliaji ambao ukijumlisha miaka ya kila mtu unafika 75,000, yaani wastani wa miaka mitatu na kitu kwa kila mmoja.

Wanaume 41 walikuwa wamepata saratani iliyoanzia ndani ya ini lenyewe. Arobaini walitoka katika lile kundi dogo lenye virusi. Mmoja tu alitoka katika lile kundi kubwa.

Naomba urudie kuisoma aya hiyo. Mimi niliposoma hesabu ile mara ya kwanza nilidhani nimekosea safu.

Ile namba 223 inayotajwa kila mahali ina maana gani?

Chukua 40, gawanya kwa 3,454: unapata kama 1,158 katika kila watu 100,000. Chukua 1, gawanya kwa 19,253: unapata kama 5 katika kila 100,000. Linganisha hizo mbili na utaona kwamba mwenye virusi alikuwa katika hatari mara 223 ya asiye navyo. Kwa kulinganisha, uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, ambao hakuna daktari anayeubishia, kwa kawaida huwa wa mara kumi hadi ishirini na kitu. Kwa saratani na chanzo chake, mara mia mbili haikuwa imezoeleka kabisa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujaibeba namba hii na kumtisha nayo mtu.

La kwanza, upande wa wasio na virusi unasimama juu ya mgonjwa mmoja peke yake. Angeongezeka mwingine mmoja tu, uwiano ungeshuka karibu nusu. Ndivyo ilivyokuwa: wanaume walewale walipoendelea kufuatiliwa kwa miaka zaidi, uwiano ulishuka hadi takriban mara 100. Bado ni mkubwa mno, na hitimisho halikutikisika.

La pili, na hili ndilo ninalolirudia kwa kila anayenijia, wanaume 40 kati ya 3,454 maana yake ni kwamba zaidi ya 3,400 hawakupata saratani katika kipindi kile. Kuwa na virusi si hukumu ya kifo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kati ya watu wazima wenye maambukizi sugu ya B, asilimia 20 hadi 30 hatimaye hupata makovu mabaya ya ini au saratani. Ni wengi sana, ndiyo sababu tunawasihi watu wapime. Lakini walio wengi hawafiki huko, na kwa dawa za leo idadi ya wanaofika inaweza kupunguzwa zaidi.

Je, saratani ndiyo hatari peke yake?

La. Chapisho lilelile lilihesabu pia vifo vya sirosisi, yaani ini kujaa makovu na kusinyaa. Wenye virusi waliokufa kwa sababu zozote walikuwa 105, na zaidi ya nusu yao, asilimia 54.3, walikufa kwa saratani ya ini au sirosisi. Kwa wasio na virusi, vifo vilikuwa 202, na magonjwa hayo mawili yalichukua asilimia 1.5 tu. Ajali, moyo, kiharusi na vingine viligawana vilivyobaki.

Sirosisi ndiyo ile watu wanayoijua kwa sura: tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, macho ya njano, mara nyingine kutapika damu kutokana na mishipa ya umio kuvimba na kupasuka. Hapa ndipo ugonjwa wa ini unapogeuka kuwa ugonjwa wa njia nzima ya chakula. Mtaani kwetu, nikiwa mtoto, fundi seremala mmoja alikufa hivyo, na kwa miezi ndugu zake walizunguka kwa waganga wakitafuta aliyemtupia jini. Hakuna aliyefikiria kuwapima watoto wake. Nayo iliniuma zaidi nilipokuja kuelewa, kwamba tulitumia muda wote ule kumtafuta adui jirani.

Virusi hivi wanaume wale walivipata wapi?

Hapa tunafika kwenye kazi ambayo mimi naiona kubwa zaidi ya ile ya 1981, japo haitajwi sana.

Mwaka 1975 katika New England Journal of Medicine, Cladd Stevens, Beasley na wenzao walieleza walivyowafuatilia watoto wa mama 158 wa Taiwan waliokuwa na virusi bila dalili yoyote. Watoto 63, yaani asilimia 40, walikuwa na antijeni katika damu kabla ya kutimiza miezi sita. Wengi wao hawakuonekana wagonjwa. Walinyonya, walikua, na virusi vikakua nao.

Swali lililofuata: kwa nini baadhi ya mama huambukiza na wengine hawaambukizi? Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba tofauti iko kwenye antijeni nyingine ya virusi hivyo, inayoitwa e. Mama mwenye antijeni ya e ana virusi vingi sana katika damu, na bila kinga yoyote karibu watoto tisa kati ya kumi wa mama kama huyo huambukizwa. Asiye nayo huambukiza mara chache zaidi.

Sasa unganisha na jambo hili: mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa virusi kubaki naye maisha yote ni kama asilimia 90. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili hupambana na kuvifukuza, na wanaobaki navyo hawafiki asilimia 5. Kwa hiyo mtumishi wa serikali wa Taiwan aliyekufa kwa saratani akiwa na miaka hamsini, kwa uwezekano mkubwa alibeba ugonjwa wake tangu wiki za kwanza za uhai wake, kutoka kwa mama ambaye naye hakujua kitu.

Mama mwenye virusi anaweza kunyonyesha?

Anaweza, na anyonyeshe. Beasley alilichunguza hili mapema, mwaka 1975, kwa kulinganisha watoto walionyonyeshwa na waliopewa chupa, wote wa mama wenye virusi. Hakuona kwamba maziwa ya mama yaliongeza maambukizi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani hadi leo ni huohuo. Hatari iko kwenye damu na majimaji ya uzazi, na dawa ya hatari hiyo ni chanjo. Nimekutana na akina mama walioachishwa kunyonyesha kwa sababu ya kipimo hiki. Mtoto amenyimwa titi na chanjo hajapewa. Amekosa vyote viwili.

Alishiriki vipi katika chanjo?

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Ilitengenezwa kwa kuchuja antijeni kutoka kwenye utegili wa damu ya watu wenye virusi na kuisafisha. Swali lililobaki lilikuwa gumu kuliko la watu wazima: je, inaweza kumwokoa mtoto ambaye ameshakutana na virusi wakati wa kuzaliwa, kabla hata ya sindano ya kwanza? Hapo unashindana na muda.

Mwaka 1983, tena katika The Lancet, Beasley na Hwang walichapisha jibu. Watoto wa mama wenye antijeni ya e walipewa kingamwili zilizotayarishwa tayari mara tu walipozaliwa, kisha chanjo. Mpango huo ulizuia asilimia 94 ya maambukizi sugu ambayo yangetokea. Kwa watoto ambao bila kitu chochote karibu wote wangebaki na virusi, hicho ni kitu cha kumshukuru Mungu.

Taiwan haikukawia. Julai 1984 ilianza kuwachanja watoto wa mama wenye virusi, na Julai 1986 ikawachanja watoto wote wanaozaliwa. Mwaka 1984 watoto 9.8 katika kila 100 walikuwa na virusi. Mwaka 1994 walikuwa 1.3. Kisha likaja jambo ambalo wataalamu wa saratani walikuwa hawajawahi kulishuhudia. Mwaka 1997 Mei-Hwei Chang, daktari wa watoto wa Taipei, alichapisha takwimu za saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14. Kati ya 1981 na 1986 ilikuwa 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Kati ya 1990 na 1994 ilikuwa 0.36. Chanjo ilikuwa imepunguza saratani ya binadamu kwa nusu, na ushahidi ulikuwa umekaa darasani unaandika hesabu.

Mbona watoto wetu hupewa chanjo hii wakiwa na wiki sita, wala si siku ya kuzaliwa?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kila kliniki.

Kenya, Uganda na Tanzania ziliingiza chanjo ya homa ya ini B kwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Iko ndani ya sindano ya penta, pamoja na dondakoo, kifaduro, pepopunda na kinga dhidi ya bakteria wa Hib, na hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kilichofanya ratiba hiyo ikubalike ni tofauti ya kweli kati ya Afrika na Taiwan. Akina mama wa Afrika wenye virusi huwa na antijeni ya e mara chache kuliko wa Asia ya mashariki, na sehemu kubwa ya watoto wa huku huambukizwa baadaye kidogo, wakiwa wanatambaa na kucheza na ndugu: vidonda, kung'atana, wembe mmoja kwa vichwa vya watoto wote. Sindano ya wiki ya sita huwakinga hao, na imeokoa wengi.

Lakini haimkingi yule aliyeambukizwa leboni. Kwake wiki sita ni muda mrefu mno, na yeye ndiye yule wa asilimia 90. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Kwa ripoti yake ya 2024, katika kanda ya Afrika ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wanaoipata, na kanda hiyohiyo inabeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya dunia. Mtoto wa Taiwan aliyezaliwa 1986 alipata kinga ambayo wajukuu zetu wengi wanaozaliwa leo bado hawaipati. Siioni sababu ya kulisema hili kwa upole. Ukiwa mjamzito, omba upimwe homa ya ini B kliniki, na ukikutwa nayo uliza mapema, kabla ya uchungu, wapi dozi ya siku ya kwanza inapatikana. Uliza pia kuhusu tenofovia: mama mwenye virusi vingi hupewa dawa hiyo wakati wa ujauzito ili kupunguza anachomrithisha mtoto.

Basi sumukuvu haina hatia?

Ina hatia, tena kubwa. Kazi ya Beasley haikuwafuta wale watafiti wa Uganda na Murang'a, iliwaongezea mwenza. Sumukuvu peke yake huharibu vinasaba vya seli za ini, na virusi vya B peke yake huchosha ini kwa miaka. Mtu mwenye vyote viwili hatari yake haijumlishwi, inazidishwa, kama utafiti wa Shanghai wa 1992 ulivyoonyesha.

Ikiwa nyingi sana kwa mara moja, sumukuvu huua bila kungoja saratani. Mwaka 2004 mahindi yaliyooza ukungu katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 yalitokea Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Kwa hiyo kausha mahindi na karanga vizuri kabla ya kuweka ghalani, usianike juu ya udongo mtupu, na zilizoota ukungu usizipeleke kwa kuku wala usizisage kwa matumaini kwamba moto utaondoa sumu. Kupika hakuiondoi.

Nina kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Si nimeshakingwa?

Hujakingwa. Hapa lugha yetu inatuponza. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, unaletwa na mbu, na chanjo yake ndiyo inayoulizwa uwanja wa ndege. Homa ya ini B inaweza nayo kuleta macho ya njano, lakini virusi ni vingine na chanjo ni nyingine kabisa. Na wengi wenye virusi vya B hawapati unjano wowote kwa miaka mingi.

Nilikuwa naenda kufanya kazi Ghuba, nikaambiwa sifai kwa sababu ya kipimo hiki. Nifanye nini?

Najua uchungu wake. Watu wameuza mashamba kulipia safari. Nchi za Ghuba huweka homa ya ini B na C katika vipimo vya waombaji kazi, na wengi wa Afrika Mashariki huijua hali yao kwa mara ya kwanza namna hiyo, dirishani, bila maelezo. Kanuni zao siwezi kukubadilishia. Ninachokuomba ni usiifiche karatasi ile sandukuni. Kipimo kilichokunyima safari ndicho kilichokuonyesha mapema jambo ambalo yule seremala wa mtaani kwetu alilijua tumbo likiwa limeshajaa maji.

Kipimo kimesema ninavyo. Hatua ya kwanza ni ipi?

Kipimo kimoja kinasema virusi vipo. Hakisemi vina muda gani wala vinaharibu kiasi gani. Daktari atataka kurudia baada ya miezi sita, maana vikiwepo bado ndipo vinaitwa sugu. Atapima kazi ya ini, wingi wa virusi ikiwa maabara inaweza, na VVU, kwa kuwa baadhi ya dawa hutumika kwa yote mawili. Altrasaundi inaonyesha kama kuna makovu au uvimbe. Baadhi ya watu huanzishiwa dawa mara moja, kwa kawaida tenofovia, kidonge kimoja kwa siku. Wengine hufuatiliwa tu. Ukishaanza usiache kwa kujiamulia, kwa kuwa virusi vinaweza kurudi kwa kishindo.

Wapeleke mwenzi, watoto na ndugu wa tumbo moja wakapimwe, na wasio navyo wachanjwe. Pombe achana nayo. Mitishamba ya kusafisha ini nayo iache: ini ndilo linalochuja kila unachokunywa, na baadhi ya mizizi hulichoma zaidi.

Lazima nitengewe sahani na kikombe?

Hapana. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula pamoja, kushikana mikono, kukumbatiana wala kukaa nyumba moja. Huambukizwa kwa damu, ngono na uzazi. Kinachotengwa ni wembe, mswaki na kikatia kucha.

Kuna dawa inayoviondoa kabisa?

Bado. Dawa zilizopo huvilaza virusi na kulipa ini nafasi ya kupona, lakini vinasaba vyake hubaki vimejificha ndani ya seli. Homa ya ini C, ambayo ni virusi vingine, ndiyo inayotibika na kuisha kabisa kwa vidonge vya wiki chache. Watu huchanganya hizi mbili na kwenda kununua dawa isiyo yao.

Mimi ni mtu mzima na kipimo changu ni safi. Nahitaji sindano ngapi?

Tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Wahudumu wa afya, wanaoishi na mwenye virusi na wanaoongezewa damu mara kwa mara wasisubiri. Andika tarehe ya tatu mahali utakapoiona, kwa sababu ndiyo inayosahaulika.